Mwacheni Chomba Ainyakue Juzuu ya Nne

Donat, sogeza kiti. Constance, kaa upande huu wa dirisha, kwa maana sikio langu la kushoto limekwisha kazi yake. Laurentine, zima redio, mwanangu. Hotuba ile tumeshaisikia. Mko hapa wote watatu, ni Jumapili saa tisa za mchana, na akili yangu bado ni yangu. Nataka kusema mara moja, kwa mfululizo, nanyi mnisikilize kama tulivyokuwa tukiungoja mshale wa mizani pale maabara: haiguswi mpaka utulie.

Daktari alisema ni suala la majuma. Hakusema mangapi, nami sikumuuliza, kwa sababu miaka ishirini na minne ya kupima shaba imenifundisha kwamba kipimo kisichobadilisha kazi ni kupoteza dawa. Nawaita kwa majina mliyobatizwa, si kwa yale ya kwenye kadi zenu, ambayo serikali ilituamuru tuyachukue. Huko ofisini Donat ni raia Mwansa, na mimi niliyeitwa Anaclet tangu kisima cha ubatizo ni raia Mumba. Mtu anayekufa hana ofisi.

Nianze na jambo lenyewe, ili nguvu zikiniishia katikati msibaki na nusu. Mama yenu Germaine alifariki tarehe tisa Machi mwaka 1985. Leo ni miaka miwili na miezi mitano, na kilio chake hakijafungwa. Kosa ni langu, na sijawahi kulitamka mbele yenu kwa maneno hayo. Nimekuwa nikisema "desturi hizi", "watu wa Kipushi", "wazee wakaidi". Mficha maradhi, kilio humfichua, na mimi kilio kimenifichua. Kabla hamjanilaza mimi kando yake, kilio cha mama yenu kifungwe. Mengine yote nitakayosema mnaweza kuyakosea kidogo. Hili msilikosee.

Mali ni chache. Nyumba hii ya Bel-Air isiuzwe mpaka Laurentine amalize masomo, na baada ya hapo mwamue watatu, si wawili. Cherehani ya mama yenu ni ya Constance, ambaye tayari anajua gurudumu lake linapokwama. Baiskeli na sanduku la vyombo ni vya Donat. Watu wangu wa kaskazini wakija, watoto wa ndugu zangu, watasema kwamba kwetu mali hufuata upande wa baba. Wapeni chakula kizuri, wapeni na redio hiyo, lakini nyumba msiwape, kwa kuwa mama yenu aliuponda udongo wa matofali yake kwa miguu yake mwenyewe akiwa na mimba ya Laurentine.

Sasa vitabu.

Nilipokuwa na miaka minane tulikaa katika kambi ya wafanyakazi wa shaba, vyumba viwili, baba yangu akifanya kazi kwenye tanuru. Pale misheni palikuwa na kabati, na ndani ya kabati padri aliweka juzuu kumi na mbili za hadithi za picha kutoka Ubelgiji: magazeti ya watoto ya kila juma, yaliyokusanywa nusu mwaka kwa nusu mwaka na kutiwa jalada gumu, uti wa mgongo wa kitambaa chekundu, urefu sentimita thelathini na moja. Ndani yake alikuwamo mtu mwenye joho na kinyago aliyeruka kutoka jengo hadi jengo akiwakamata waovu. Jumapili baada ya misa padri alikagua mikono yetu, pande zote mbili, na aliyekuwa na mikono safi aliruhusiwa kukaa na juzuu moja kwa saa moja, yeye na wenzake.

Mkono safi ulikuwa wa kaka yangu Pierre, aliyenizidi miaka minne. Yeye ndiye aliyesoma, sisi watano au sita tukiwa tumemzunguka. Alifuata maneno ya Kifaransa kwa kidole na kutugeuzia kwa Kiswahili cha kambini bila kusita. Ndiye aliyempa yule mtu jina. Kwa Kifaransa alikuwa na jina refu ambalo ulimi wetu haukuliweza. Pierre akamwita Ruka-Malata, kwa sababu majengo yote tuliyoyajua yalikuwa na mabati juu, malata kama tulivyoyaita, na tulitaka kujua ni vipi haanguki na ni vipi watu wa ndani hawasikii kishindo. Pierre akatueleza kwamba Ruka-Malata alikuwa zamani mchimbaji, kwamba alinyimwa likizo ya kwenda kumzika mama yake, akaapa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna mlango wala ukuta utakaomzuia mtu kufika kwenye msiba wake. Nilipokuwa peke yangu nilililia jambo hilo. Nilijua ukurasa wake: juzuu ya nne, karibu na mwisho, mtu mwenye joho amepiga magoti kwenye mvua.

Pierre alikufa kwa homa ya uti wa mgongo mwaka 1948. Mimi nikasoma, nikawa msaidizi wa maabara, kisha nikawa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa chuo kikuu hapa mjini, na katika miaka hiyo misheni ikahama na kabati likatoweka. Mwaka 1961 familia moja ya Wabelgiji iliyokuwa ikiondoka ilitandaza vitu vyake kwenye nyasi, na kati ya sufuria na mataa nikauona uti mwekundu. Ilikuwa juzuu ya nne. Nikaifungua palepale nimesimama. Mtu mwenye joho alikuwa amepiga magoti kwenye mvua, sawasawa, na maneno yalisema kwamba amepoteza ufunguo wa gari.

Pierre hakuwa akijua Kifaransa. Alikuwa akitunga.

Mngedhani ningeiacha pale. Nilifanya kinyume, na hapo ndipo ugonjwa wangu wa kukusanya ulipoanza: nilidhani labda nimekosea juzuu, labda hadithi ya yule mchimbaji na mama yake imo katika ya tano au ya nane. Kwa miaka kumi na tatu nikazitafuta. Nne nilizipata Kipushi, moja Likasi kwa mtawa mzee, na mwaka 1974, maduka ya wageni yalipochukuliwa na kupewa raia, nikazikuta tano katika kasha moja kwa mwanamke aliyekuwa akichana kurasa ili kufungia karanga. Juzuu ya saba ilikuwa imekwisha kupoteza kurasa kumi na nne. Mama yenu akaniuliza ni kurasa zipi, akaandika namba zake kwenye kiganja, na kwa majuma matatu akawa anakwenda soko lile kila siku, anachagua karanga kwa karatasi yake, akiwaambia wauzaji, "Hapana mama, miye nataka ile yenye mwanaume mwenye joho." Tulipata kurasa tisa. Hata leo siwezi kuonja karanga bila kuyakumbuka majuma yale.

Yeye ndiye aliyezitibu. Alipika gundi ya unga wa mihogo, na kwa kuwa mende hula gundi ya mihogo kama watu wanavyokula bukari, ugali wetu, nilimletea kutoka maabara punje za chumvi ya shaba zilizofagiwa mezani, mkuu wangu akijua, naye akazichanganya humo. Ndiyo maana mkizifungua mnaona mstari wa buluu kwenye mshono. Mende hawakuzigusa tena. Wakati wa kubadilisha majina, jirani mmoja alipouliza kwa nini raia mwenye akili anatunza mzungu wa joho ndani ya nyumba, mama yenu alimjibu kwamba yule si mzungu, ni mtu wa kambi aliyepaka majivu. Alikuwa amekwisha kuijua hadithi ya Pierre, aliipenda kuliko ile iliyochapwa, na alipokwenda kwa watu wake Kipushi ndiyo aliyowasimulia watoto.

Ninazo juzuu kumi na moja. Ya tisa sikuipata. Nimezisoma zote, mstari kwa mstari, na hadithi aliyotuambia Pierre haimo.

Laurentine, maji. Kidogo. Asante.

Sasa nifike kwenye kosa. Mimi ni Muluba, mtoto wa kaskazini. Watu wetu walikuja huku na reli na migodi, na kwetu ukoo ni wa baba na msiba ni rozari na kahawa. Kwa watu wa mama yenu, wenyeji wa ardhi hii, ukoo hufuata tumbo lililokuzaa. Germaine alikuwa wa ukoo wa Mbuzi, na nyinyi watatu ni Mbuzi, hata kama kadi zenu zinasema ni watoto wa Mumba. Mbuzi ana mtani wake, ukoo wa Chui. Mbuzi akifa, Chui humchimbia kaburi, humtukana, huvaa nguo zake, hunyakua vitu vya nyumbani mwake mpaka vikombolewe kwa kuku au pombe; na Chui akifa, Mbuzi humlipiza. Na ni mtani peke yake anayefunga kilio: siku ya mwisho huja, hufagia ua, huzima moto wa msiba, na kuwaambia wafiwa, "Basi, imetosha." Mwingine yeyote akisema hivyo, hata askofu, ni sauti tu. Mama yenu alinieleza haya mwaka tuliooana, nami nikayaandika kwenye daftari kwa mpangilio mzuri. Kumbe kuandika na kujua ni vitu viwili.

Vijana wa Chui walichimba kaburi. Kesho yake wakaja wazee, na mbele yao Chomba, yule fundi viatu wa Kipushi, mwenye miaka sabini wakati ule. Mnakumbuka alivyojilaza hapo getini, mikono kifuani.

"Mbuzi yetu inakufa bila sisi kuikula!" akapiga kelele. "Nani alikula nyama yetu? Ni huyu Muluba wa makaratasi? Angalieni tumbo yake!"

Shangazi zenu wakamjibu kutoka jikoni, "Toka kule, Chui ya kuoza! Ungemukula na meno gani?"

"Ningemumung'unya!"

Watu wakacheka na mimi nikabaki nimekaa. Nilikuwa sijalala siku nne. Nikawa natazama kifundo cha tai yangu. Kisha Chomba akaingia chumbani kwetu, na alipotoka alikuwa amefunga kitenge cha mama yenu shingoni, kile cha njano alichokipenda, na juu ya kichwa alikuwa amebeba juzuu ya nne. Akapanda juu ya benchi.

"Miye Ruka-Malata!" akasema. "Nakuja kuchukua mbuzi yangu huko mbinguni!"

Akaruka. Mzee wa miaka sabini aliruka kutoka kwenye benchi, akaanguka kwa magoti, kitabu akakishika kisiguse mavumbi. Uani wote walicheka mpaka wakashikana. Laurentine, ulicheka, ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitalini, na nilikuona.

Ningefikiri kwa pumzi tatu tu, ningeelewa kwamba mama yenu ndiye aliyemfikishia jina lile, na kwamba yule mzee alikuwa akimlilia kwa njia pekee aliyoruhusiwa na ukoo wake. Sikufikiri. Niliona kitenge cha mke wangu, na jina alilolitunga kaka yangu kwenye mdomo wenye harufu ya lutuku, ile pombe kali. Nikasimama nikamwita mwizi. Nilisema kwanza kwa Kifaransa, kisha kwa Kiswahili ili pasiwe na shaka. Yeye akafurahi! Akadhani hatimaye nimeingia mchezoni. "Ehe!" akawaambia wenzake, "leo Muluba anajua kucheza!" Akakikumbatia kitabu. Nami nikatuma mtu awaite walinzi wawili waliokuwa wakisimama pale kona ya mtaa, wakaja na mikanda yao, wakamwambia, "Raia, twende." Walimfungia katika chumba cha nyuma cha kituo chao mpaka kesho yake mchana. Kitabu nilirudishiwa. Hasira hasara, husema watu, lakini mimi hasara yangu niliibeba kwapani kama ushindi.

Watu wa Chui waliinuka mmoja mmoja. Hakuna aliyenilaumu. Hakuna aliyefagia ua. Ule moto wa msiba tuliuacha ukafa wenyewe, na moto uliokufa wenyewe haukuzimwa.

Niliwaandikia barua, kurasa mbili, hoja moja baada ya nyingine. Jibu lilikuja kwa mdomo: "Mwambieni raia Mumba barua yake imefika, na tunamshukuru sana." Mwaka jana, mwezi wa Juni, nikaenda Kipushi mwenyewe, nimeifunga juzuu ya nne katika kitambaa safi ili nimpe Chomba iwe yake. Aliponiona aliinuka kutoka kwenye kigoda chake cha kushonea viatu, akafuta kiti chenye egemeo kwa shati lake, akanikalisha. Akaninawisha mikono. Akaniuliza habari za kila mmoja wenu. Nikamkabidhi kitabu kwa mikono miwili. Akakipokea kwa mikono miwili, akafunua kurasa polepole, akakirudisha kwa mikono miwili.

"Kitabu iko kizuri sana, Papa Mumba," akasema. "Mungu akuchungie."

Nikatoka pale nimepona, nikidhani nimesamehewa. Njiani nikakutana na binamu ya mama yenu, nikamsimulia jinsi nilivyopokelewa vizuri. Akaweka ndoo yake chini.

"Hakukutukana hata kidogo?"

"Hata neno moja."

"Pole, shemeki. Amekufukuza."

Mlielewe hili, wanangu, kwa maana mimi lilinichukua maisha yangu yote: kwa mtani, adabu ni mlango uliofungwa. Chomba aliponipa kiti kile alikuwa ananiambia kwamba kati ya nyumba hii na yake hakuna kitu tena, sisi ni wageni wazuri. Na kuombwa radhi mtani hawezi, kwa sababu akikubali amekiri kwamba kulikuwa na tusi la kweli. Kupewa zawadi hawezi. Mtani hapewi, mtani hunyakua, nawe humkimbiza ukicheka.

Constance, watu wa Alphonse walipokuja kuchumbia walikunywa chai yetu wakasema, kwa upole, kwamba watarudi kilio kikifungwa. Tangu hapo kiangazi cha kwanza kikapita, cha pili ndicho hiki. Hujanilaumu. Umekuwa ukinipikia uji na kunisomea gazeti, na kila jioni nimekuwa nikiona unavyokunja kitambaa cha mezani kwa utaratibu uleule ambao mimi ningekikunja, na nimeogopa. Niliwalea muwe wastaarabu. Nimewalea vibaya kwa jambo hili moja.

Kwa hiyo sikilizeni kazi yenyewe. Mimi siwezi kuifungua njia. Mimi si Mbuzi, na nikimtukana Chomba ni matusi tu. Nyinyi mnaweza. Kesho mwende Kipushi wote watatu. Constance aibebe juzuu ya nne mkononi, bila kitambaa, aishike kwa ulegevu. Msibishe hodi. Msimsalimie. Mkifika kwenye kigoda chake, mtukaneni, kwa sauti, majirani wasikie. Asipojibu, mtukaneni tena. Akiwapa viti, vipindueni. Na akinyakua kitabu, mkimbizeni, lakini Donat, wewe una miguu mirefu, usimfikie.

Najua ulichoniambia juzi, Donat, kwamba yule bwana wa Brussels aliyetuandikia ili azinunue anazitaka zote kumi na moja au hataki hata moja, na kwamba tungeweza kumwachia Chomba ile ya saba, ambayo tayari ina kurasa pungufu. Umefikiri kama mkusanyaji, na uliyejifunza kwake ni mimi. Hapana. Mtani huchagua mwenyewe, na alikwisha kuchagua. Tena alichagua ile niliyokuwa siwezi kuitoa, ndivyo nilivyojua kwamba anaijua kazi yake. Yule bwana mwandikieni barua fupi ya shukrani. Zile kumi zilizobaki zitunze wewe, Laurentine, na usizifungie kabatini. Wasomeeni watoto wenu kwa lugha yoyote, na pale msipoelewa maneno, tungeni. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Na Chomba akija kunizika mimi, ingawa halazimiki, maana sina Chui kwenye ukoo wangu, akisema mbele ya padri kwamba nilikuwa mchoyo, kwamba nilikuwa na roho ya karatasi, kwamba niliita walinzi kilioni, msinitetee. Mmesikia? Msinitetee.

Ngoja... Ngoja nipumue.

Sasa, Constance. Nataka kusikia. Mimi ndiye Chomba, nimekaa hapa nashona soli. Nitukane.

Usiangalie sakafu. Sema.

Hiyo ni salamu, mwanangu. "Mzee Chomba, umekosea" ni maneno ya hakimu. Tena.

"Chui asiye na meno." Hilo analisikia kila siku kutoka kwa watoto wa shule, halitamwinua kwenye kigoda. Donat, usimsaidie, wewe ni mbaya kuliko yeye. Mtafutie lake, Constance. Kitu kinachomhusu yeye na sisi, hapo hapo panapouma. Unajua panapouma. Ndiyo, pale. Usiniogope mimi, nimeshalisema lote, hakuna kilichobaki cha kuficha.

Nini?

Rudia, sikio hili...

Mbuzi? Katika chumba kile? Wewe ulimpelekea chai asubuhi ile? Sikujua. Hukuniambia. Miaka miwili na miezi mitano... na mlikuwa na mbuzi mle ndani, wale waliokamatwa wakizurura barabarani? Wangapi? Wanne. Chomba alilala na mbuzi wanne.

Basi sema sasa. Simama useme.

"Chui gani wewe... ulifungiwa usiku kucha na mbuzi wanne... ukatoka na njaa."

Ah.

Niache, niache, si maumivu. Ninacheka. Inauma kucheka lakini acha... Laurentine, nawe unacheka. Donat. Hiyo, Constance. Hiyo hawezi kuijibu kwa kiti. Ataruka mpaka kwenye malata. Mwambie hivyo hivyo, na "ukatoka na njaa" uiseme polepole.

Jumanne unasema, Donat? Hapana. Kesho, gari la kwanza.

Nileteeni pemba, ule udongo mweupe wa baraka, iko kwenye kisahani, karibu na rozari. Mkono wangu hauinuki sana, kwa hiyo inameni nyinyi. Donat, hii kwenye paji la uso: uwe na mkono mwepesi kwa vitu na mzito kwa watu. Laurentine: usome mpaka uchoke, kisha usome. Constance...

Constance, mwanangu, nyumba utakayokwenda iwe na kelele.

Kwa jina la Baba, na la Mwana. Malizieni nyinyi.

Vitu vyote nimesema? Nyumba. Cherehani. Redio... Kitabu. Ndiyo.

Hapana, usikifunge kwa kitambaa. Kiweke pale mlangoni, kilivyo. Na sasa nendeni mkale, na mkiwa mezani, mjaribu tena lile tusi. Kwa sauti. Acheni mlango wazi nilisikie.